Mjadala wa Katiba wa 1983

Katika kufundisha juu ya nguvu ya umma hatuna budi kuuliza: je, mwananchi wa kawaida amepata kuongeza neno lake katika sheria kuu ya nchi? Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, yaani juu ya madaraka ya Rais, uwezo wa Bunge, uwakilishi, Muungano na madaraka ya umma. Haki za raia hazikuwamo. Tangu uhuru viongozi walikuwa wamekataa kuziingiza katika Katiba, wakihofu zingeifunga Serikali mikono.

Lakini mapendekezo yalipofikishwa kwa wananchi, mikutanoni na magazetini, hawakukaa ndani ya mipaka waliyochorewa. Walidai haki hizo ziandikwe, Bara na Visiwani, na wanasheria wakawaunga mkono. Sheria Na. 15 ya 1984 ikaziandika, pamoja na wajibu wa raia.

Tusifiche kitu, ndugu: sheria nyingine ya mwaka huo huo ilizuia mahakama kuzitumia haki hizo dhidi ya sheria zilizokuwapo mpaka Machi 1988. Muda huo ulipokwisha, raia walianza kwenda Mahakama Kuu wakiwa na ibara ya Katiba mkononi.