Taifa Stars: Mechi 13 za Afrika, ushindi bado

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KATIKA karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikifika Tabora na kutua mizigo. Wapagazi walipumzika, wengine wapya wakaajiriwa, ndipo safari ya Ujiji ikaendelea. Wapenzi wa soka nchini nao wana sababu ya kutua mzigo na kuhesabu kilichomo, kwani safari ya Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika sasa ina kumbukumbu za kutosha kupimwa kwa takwimu.

Kuanzia 1980 hadi Januari 2026, Stars imecheza fainali hizo mara nne, jumla ya mechi 13. Imetoka sare mara tano na kufungwa mara nane. Imepachika mabao 9 na kuruhusu 23. Haijashinda hata mechi moja.

Mwaka hadi mwaka

1980, Nigeria: Tiketi ilipatikana Ndola, Zambia, mwaka 1979 kwa bao la Peter Tino katika sare ya 1-1. Katika fainali, Stars ilifungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast.

2019, Misri: Baada ya miaka 39, Stars ilirejea kwa kuichapa Uganda 3-0 Dar es Salaam. Huko Misri ilifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0.

2023, Ivory Coast (zilichezwa Januari 2024): Ilifungwa na Morocco 3-0, ikatoka sare ya 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo.

2025, Morocco: Ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare za 1-1 na Uganda na Tunisia. Pointi mbili zilitosha kuivusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Katika 16 bora, Januari 4, 2026, ilitolewa na wenyeji kwa bao 1-0.

Wafungaji

Saimon Msuva anaongoza kwa mabao matatu, moja katika kila fainali kati ya tatu za mwisho. Thuwein Ally alifunga mawili mwaka 1980. Juma Mkambi, Mbwana Samatta, Charles M'Mombwa na Feisal Salum wana bao moja kila mmoja.

Takwimu hizo zina jambo linalouma. Stars imewahi kutangulia kufunga katika mechi tatu tu: dhidi ya Kenya, Zambia na Uganda. Zote tatu, bao la kwanza lilikuwa la Msuva, na zote tatu uongozi ulipotea. Kenya ilisawazisha, Samatta akairudisha Stars mbele, lakini mwisho ikalala. Zambia ilisawazisha dakika ya 88 ikiwa na wachezaji 10. Tatizo, basi, si kufunga peke yake, bali pia kulinda kilichopatikana.

Ligi ya ndani

Sura ni tofauti katika michuano ya CHAN, inayohusisha wachezaji wa ligi za ndani pekee. Katika fainali za 2009, 2020 na 2024, Tanzania imecheza mechi 11, ikashinda tano, ikatoka sare tatu na kufungwa tatu. Katika zile za mwisho, zilizofanyika Agosti 2025 Tanzania ikiwa mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda, iliongoza kundi lake kabla ya kutolewa na Morocco katika robo fainali.

Hapo ndipo miji kama Tabora inapoingia katika hesabu. Rhino Rangers ya hapa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo. Mwaka 2023 njia ya zamani ya misafara ilipata timu mbili kwa mpigo: Mashujaa ya Kigoma na Kitayosce, iliyobadili jina kuwa Tabora United na baadaye, mwaka 2025, TRA United. Novemba 7, 2024, Tabora United iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam, matokeo yaliyoonyesha kuwa ushindani wa ligi hauishii kwa vigogo wa Kariakoo.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za Afrika za 2027. Kwa Stars, kufuzu hakutakuwa tena kipimo. Kitakachotazamwa ni safu ile ya ushindi, ambayo baada ya mechi 13 ingali inasoma sifuri.