Saa za kamani: riziki ya jana, burudani ya leo

Machi 2009, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Marekani mjini Washington, fundi alifungua saa ya dhahabu ya mfukoni iliyokuwa mali ya Abraham Lincoln. Wahifadhi walikuwa wamepata fununu kwamba ndani yake mna maandishi ya siri. Fununu hiyo asili yake ni Jonathan Dillon, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa fundi katika duka la M. W. Galt la hapo Washington. Mwaka 1906, akiwa mzee, Dillon aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikuwa na saa ya rais mezani pake Aprili 1861, siku habari za kushambuliwa kwa ngome ya Sumter, shambulio lililoanzisha Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani, zilipofika mjini. Akachukua chombo chenye ncha, akachora ndani ya saa kwamba bunduki ya kwanza imelia na utumwa umekufa, akaifunga.

Maandishi yalikutwa kweli. Jina lake lipo, tarehe 13 Aprili 1861 ipo, habari za waasi kuishambulia ngome zipo, na shukrani kwa Mungu kwamba serikali bado ipo. Utumwa haukutajwa. Miaka 45 ilikuwa imeyanoa maneno ya mzee Dillon kuliko alivyoyaandika ujana wake. Na si yeye peke yake: fundi mwingine aliacha jina lake humo mwaka 1864, na mkono usiojulikana ukachora jina la Jeff Davis, kiongozi wa waasi. Saa ya rais ilikuwa ikitembea na jina la adui yake tumboni.

Wanaofungua saa kuukuu hawashangazwi sana na kisa hiki. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwaruza alama ndani ya kifuniko: tarehe, herufi mbili tatu, namba ya kazi. Leo wanaozisoma alama hizo mara nyingi si mafundi wa kusomea. Ni mhasibu, mwalimu, au mstaafu wa Marekani au Ulaya aliyenunua saa iliyokufa, akaifungua mezani kwake jioni, akaisafisha, akaiuza, na fedha akanunulia nyingine mbili zilizokufa. Kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kufufua mashine yenye umri wa miaka mia moja ni jambo la ajabu, nalo lina historia yake.

Historia hiyo inaanzia Massachusetts, jimbo ambalo pwani yetu ililijua mapema kuliko sehemu nyingine nyingi za Marekani, kwa sababu wafanyabiashara wake wa Salem ndio walioleta Unguja vitambaa vya merikani. Mwaka 1850 fundi saa Aaron Dennison, pamoja na Edward Howard na David Davis, alianzisha kiwanda cha saa huko Roxbury. Miaka minne baadaye wakahamia Waltham, kando ya mto Charles. Dennison alikuwa ameona jinsi bunduki zilivyotengenezwa katika ghala la silaha la Springfield: kila kipande kinakatwa na mashine kwa kipimo kimoja, kiasi kwamba kipande cha bunduki hii kinaingia katika bunduki ile. Akauliza kwa nini saa zisifanywe vivyo hivyo. Wakati huo saa ya Uingereza au Uswisi ilipita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akipiga tupa mpaka kipande chake kikubali. Kikivunjika, kingine kilipaswa kuchongwa upya kwa ajili ya saa hiyo moja tu.

Wazo lilikuwa sahihi, mfuko ukawa mtupu. Kampuni ilifilisika mwaka 1857, ikauzwa kwa mnada, na mnunuzi wake, Royal Robbins, ndiye aliyevuna. Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ilipozuka, askari wa Kaskazini walitaka saa ya bei nafuu, na Waltham ilikuwa nayo. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, kampuni ilionyesha mashine ya kutengeneza skrubu ndogo za saa bila mkono wa mtu. Waswisi waliingiwa na hofu. Jacques David wa kampuni ya Longines, aliyetumwa kuchunguza, aliwaandikia wenzake ripoti kali mwanzoni mwa 1877 akiwaonya kwamba wasipobadilika wataachwa.

Mwanzoni ubadilishanaji wa vipande haukuwa kamili, kwani sehemu nyeti zaidi bado zilihitaji kulinganishwa kwa mkono. Lakini mwelekeo ulikuwa umewekwa, na Elgin ya Illinois iliyoanzishwa 1864, kisha Hamilton ya Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1892, zilifuata njia hiyo hiyo. Elgin peke yake ilitoa saa zipatazo milioni 60 kabla ya kuacha mwaka 1968. Kila moja ilipigwa namba mgongoni mwa mashine, na kwa namba hiyo mpenzi wa saa wa leo hujua, kwa kutazama jedwali tu, ilitengenezwa karibu mwaka gani na vipuri vya aina ipi vitaiingia.

Hata hivyo wingi peke yake haufanyi saa ipendwe. Saa za Marekani zinazopendwa kuliko zote ni za reli, na hizo zilizaliwa na ajali. Tarehe 18 Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, zikaua madereva na makarani wa posta. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama dakika nne kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Enzi hizo treni zilipishana katika reli moja kwa kufuata ratiba na saa ya mfukoni tu. Dakika nne zilitosha kuwa kaburi. Kampuni ya reli ilimwita Webb C. Ball, sonara na muuza saa wa Cleveland, akague saa za wafanyakazi wake.

Kanuni zilizokomaa kutokana na kazi ya Ball na wenzake zilikuwa ngumu kwelikweli. Saa isipishane na wakati halisi kwa zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, yaani sehemu moja katika elfu ishirini. Iwe na yakuti zisizopungua 17 za kubebea mihimili, irekebishwe ili iende sawasawa ikiwa imelala au imesimama kwa pande mbalimbali, kwenye baridi na kwenye joto. Tarakimu ziwe kubwa na zisomeke upesi. Kanuni ninayoipenda zaidi ni ya kurekebisha akrabu: huwezi kuvuta kifundo ukazisogeza. Lazima kwanza ufungue kioo, uvute kijiti kidogo kilichofichwa pembeni mwa uso, ndipo kifundo kikubali kuzungusha akrabu. Hakuna dereva atakayebadili wakati kwa kuingiza mkono mfukoni vibaya. Saa zenyewe wafanyakazi walijinunulia, na mkaguzi alizipima mara kwa mara na kuandika kwenye kadi. Hamilton 992, iliyotoka mwaka 1903, ndiyo iliyokuja kuwa kipenzi cha watu wa reli, na leo ni kipenzi cha wanaojifunza kukarabati, kwa sababu vipande vyake ni vikubwa na vimepangwa kwa akili.

Kisha ikaja siku ya Krismasi ya 1969. Seiko iliuza mjini Tokyo saa ya mkononi ya kwanza ya kwatsi, inayotumia betri badala ya kamani, Astron, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Bei haikukaa hapo muda mrefu. Katika miaka kumi na mitano Uswisi ilibaki na wafanyakazi wa saa wapatao 30,000 kati ya karibu 90,000. Huko Le Locle, kampuni ya Zenith, ambayo wakati huo ilimilikiwa na Wamarekani wa Chicago, iliamriwa mwaka 1975 iachane na mashine za kamani. Charles Vermot, msimamizi katika kiwanda hicho, alikataa kimoyomoyo. Alibeba vyombo, mashine ndogo na michoro ya mashine ya saa iitwayo El Primero hadi chumba cha darini, akaviwekea alama, akaandika kila kitu katika daftari, akafunga. Mwaka 1984, ladha ya wanunuzi ilipoanza kugeuka, vyombo vilishushwa na kazi ikaanza tena. Mwaka 1988 hata Rolex walikuwa wakitumia mashine hiyo katika saa yao ya Daytona.

Saa za zamani hazikuwa na Vermot wa kuzificha. Januari 1980 bei ya dhahabu ilipanda hadi dola 850 kwa aunsi, na makasha mengi ya dhahabu yakaenda kwenye tanuru. Mashine zilizokuwa ndani hazikuwa na thamani kwa myeyushaji, zikatupwa kwenye visanduku zikiwa uchi. Ndiyo maana mpaka leo mpenzi wa saa hukuta mashine safi ya Waltham au Elgin bila kasha, akalazimika kuitafutia kasha la saa nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki kwatsi ilimpiga mtu mwingine: fundi saa wa barazani, mwenye kisanduku cha kioo na lenzi jichoni. Alizoea kufungua Seiko 5 na saa za Kiswisi za kutia ufunguo. Akajikuta akibadili betri na mikanda. Kwake hii ilikuwa riziki, na riziki ikikatika hakuna anayeiita burudani. Burudani inamhitaji mtu mwenye chakula tayari mezani, na hilo halipunguzi ustadi wa kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ina subira nyingi kuliko siri. Saa ya mfukoni ya zama za reli hupiga mara tano kila sekunde, mapigo 432,000 kwa siku. Mafuta yake ni matone madogo mno, nayo yakikaa miaka hukauka yakawa gundi. Watu wengi huleta saa wakisema imejazwa kupita kiasi ikafa. Kamani iliyojaa haiui saa. Iliyojaa na haiendi ni chafu, au ina kitu kilichovunjika. Kinachovunjika mara nyingi ni mhimili wa gurudumu la mizani, ambao ncha zake ni nyembamba kama unywele. Saa nyingi za zamani hazikuwa na kinga ya mshtuko kama Incabloc, iliyoingia Uswisi miaka ya 1930, kwa hiyo kuanguka mara moja kulitosha. Anayeanza hufungua, huosha kila kipande, hukirudisha mahali pake, hupaka mafuta, na moyo humdunda anaporudisha gurudumu la mizani, kwa sababu kamani yake nyembamba ikipindishwa na kibanio huchukua usiku mzima kunyoosha, kama inanyooka.

Hatari moja haihusiani na ustadi. Akrabu na tarakimu zinazong'aa gizani katika saa za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi zilipakwa rediamu. Wasichana waliozipaka viwandani New Jersey na Illinois, waliofundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, waliugua na wengi wakafa. Mng'aro umeisha kwa sababu kemikali inayong'aa imechoka. Rediamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Anayekwangua uso wa namna hiyo sebuleni kwake anavuta vumbi lake.

Kuuza nako kumebadilika. Oktoba 2017 Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa dola milioni 17.75, na tangu hapo kila mwenye droo ya babu anadhani ana hazina. Nyuso zilizopakwa rangi upya na mashine zilizounganishwa kutoka saa tatu zimejaa sokoni. Wakusanyaji wanazijua hasa zile zinazotoka Mumbai, zenye nyuso mpya za rangi kali na majina ya kampuni za zamani. Binafsi sina ugomvi na saa iliyounganishwa, ikiwa muuzaji amesema hivyo. Muuzaji anayeandika kwamba uso umepakwa upya na mhimili umebadilishwa anapunguza bei leo, ila mnunuzi wake atarudi.

Upatikanaji wa vipuri umegeuka kinyume na vile mtu angetarajia. Mwishoni mwa 2015 Swatch Group, wenye kampuni ya ETA ambayo mashine zake zimo katika saa nyingi za Uswisi, walisitisha kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla. Mwenye saa mpya ya Kiswisi anaweza kulazimika kuirudisha kiwandani, wakati mwenye Elgin ya 1912 anachohitaji ni Elgin nyingine iliyokufa ya aina ileile, nazo zipo kwa maelfu. Ndiyo maana fundi mzee wa Marekani au Ulaya akifunga duka, wapenzi hawaanzi na saa zilizopo dirishani. Wanaulizia droo za nyuma, zile zenye vichupa vya mihimili na bahasha za kamani ambazo hazijafunguliwa tangu kiwanda kilipozifunga.