Shubiri

“Chungu kama shubiri,” tunasema, tukimaanisha dawa, habari, hata maneno ya ndugu. Wengi tunaolitamka neno hili hatujawahi kukata jani la mshubiri tukaona utomvu wa manjano ukichuruzika chini ya ganda. Uchungu umo humo. Ute wa katikati hauna makali hayo.

Neno limetoka Kiarabu, ambako shubiri na subira huchimbuka katika mzizi mmoja, s-b-r. Naupenda sana undugu huo. Ukitaka kuiona subira, utazame mshubiri wa Lesotho, ambao wataalamu huuita Aloe polyphylla. Huota kwenye miteremko ya milima ya Maloti, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi theluji huufunika. Majani yake hujipanga safu tano zinazozunguka kama gamba la konokono, mmea mmoja kulia, mwingine kushoto.

Anayeishi penye baridi, kama Njombe au Limuru, achague mishubiri ya milimani. Jua kali na baridi kavu huyapa majani ya aina nyingi wekundu mzuri ajabu. Kinachoozesha mizizi ni maji yaliyotuama, kwa hiyo changanya udongo na kokoto, na usimwagilie kila siku.

Siku hizi sokoni kila mshubiri huitwa “alovera”. Hilo ni jina la aina moja tu kati ya zaidi ya 500. Mshubiri ndilo jina la ukoo mzima, na tunalo tayari.