Kiyoyozi cha nyumbani wakati wa joto kali

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Kwa hiyo nje kukiwaka, kama Mombasa na Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, mashine hutumia umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile.

Kosa la kawaida ni kulibana boksi la nje ukutani au kulizungushia makatoni ya bidhaa. Hewa moto hurudi palepale na kompresa huweza kujizima. Kivuli kinafaa, mradi hewa ipite. Pwani chumvi hula alumini yake, hivyo lioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, umeme ukiwa umezimwa. Chujio la ndani lisafishwe kila wiki mbili.

Kwa mashine za kawaida, kushusha rimoti hadi nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi. 24 hadi 26 zatosha. Gesi nayo haiishi kwa matumizi. Ikipungua, pana mahali panavuja.

Mfanyabiashara anayeagiza kutoka Dubai atazame kibandiko: aina ya T1 hupimwa katika joto la nje la nyuzi 35, T3 katika nyuzi 46. Mzigo wa Sudan Kusini, ambako shule zilifungwa Machi 2024 kwa tahadhari ya nyuzi 45, unahitaji T3.