Tulikotoka: Kazi ya Kuwahudumia Wagonjwa Majumbani

Ndugu wanachama na wafadhili wetu, hatuwezi kusherehekea miaka 10 bila kukumbuka kazi iliyotukutanisha.

UKIMWI uligunduliwa nchini kwetu mwaka 1983, mkoani Kagera. Ilipofika 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Hospitali zikajaa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Nani awauguze? Ni akina mama. Mama zetu walianza, sisi tukapokea.

Tulifundishwa kuosha vidonda, kumgeuza mgonjwa na kuvaa glovu. Tukapanda Uluguru kwa miguu, Towelo na Choma, masika njia tope tupu. Mshahara hakuna. Oktoba 2004 dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure, kazi ikabadilika: tukawa tunahesabu vidonge na kukumbusha tarehe za kliniki.

Lakini dawa na njaa haviendi pamoja. Ukimkuta mgonjwa hana kitu, unarudi kwako kuchota unga wa watoto wako. Mwenzetu mmoja aliuza kuku wake wote kwa ajili ya wagonjwa. Alipougua yeye, hakuwa na hata nauli ya hospitali. Hapo tukasema basi! Tukaanza kununua hisa kila wiki na kutenga mfuko wa jamii.

Leo mhudumu akipanda mlimani, unga unatoka mfukoni mwa kikundi, siyo chunguni mwa wanawe. Naye akiugua, tunamwuguza.



Mwenyekiti