Imani Iliyopitia Mlango wa Boma: Ukristo katika Nchi ya Chai

Kabla misheni ya kwanza haijafika, kila boma la Wakipsigis lilikuwa na mahali pake pa sala. Paliitwa mabwaita: matawi na mimea maalumu iliyofungwa pamoja na kusimikwa nje ya nyumba, upande wa mashariki, jua linakochomoza. Hapo mzee wa boma alisimama alfajiri kumwomba Asis, Mungu wao, awalinde watoto na mifugo. Hapo ndoa zilibarikiwa. Kwa maombi ya watu wengi walipanda kilimani, mahali palipoitwa kapkoros. Ibada ilikuwa jambo la nyumbani kwanza, na anayetaka kuelewa Ukristo wa Kericho na Bomet nchini Kenya hana budi kuanzia hapo, kwa sababu dini mpya nayo ilibidi ipite mlangoni mwa boma.

Aliyeileta mapema alikuwa Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker, aliyekuwa ameshiriki kuanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1905 alihamia Lumbwa, kituo cha reli ambacho leo ni Kipkelion, akafungua misheni ya ufundi. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilituma askari Sotik, wakawaua Wakipsigis wengi na kuteka ng'ombe zao. Mwenyeji angewezaje kumtofautisha mzungu wa bunduki na mzungu wa Biblia? Historia ya kanisa la huku ikisimuliwa bila Sotik, imesimuliwa nusu.

Hotchkiss alihubiri, lakini pia alifundisha kulima kwa plau ya kukokotwa na maksai na kusaga nafaka kwa kinu cha maji. Nafuu ya kinu ilikuwa ya wanawake kuliko mtu mwingine yeyote. Wao ndio waliokuwa wakipiga magoti kwenye jiwe, wakisaga wimbi hadi mikono ikachubuka. Nchi hii ina mvua karibu mwaka mzima na vijito vinavyoteremka kwa kasi kutoka msitu wa Mau. Nguvu ilikuwapo, ikisubiri gurudumu. Kufikia miaka ya 1930, Wakipsigis wenyewe walikuwa wakimiliki vinu vya namna hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba mahubiri peke yake yangefungua milango mingi kama unga ulivyoifungua.

Wakati huo ardhi ilikuwa ikibadilika sura. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya ekari za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, waliojaribu kulima kitani wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaja na chai. Vibarua walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi, wakapangwa katika kambi za mashamba, kila mmoja na lugha yake na kanisa lake la nyumbani.

Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai wa Wakipsigis, walikotoka viongozi wa kiroho walioitwa orkoiik. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na watu wao. Ukweli huu ni mchungu, lakini lazima usemwe: makanisa yalikua katika miaka ambayo sauti iliyoweza kuyajibu ilikuwa uhamishoni.

Katika miaka hiyohiyo Hotchkiss aliwakabidhi kazi yake wamisionari wengine wa Marekani, wa shirika linaloitwa leo World Gospel Mission. Mwaka 1937 walianzisha kituo cha Tenwek, Bomet. Kanisa lililotokana na kazi yao ni Africa Gospel Church. Kwa zaidi ya miaka 20 wagonjwa wa Tenwek walihudumiwa na wauguzi bila daktari, hadi Ernest Steury alipofika mwaka 1959. Yeye na mkewe Sue waliishi hapo miongo mitatu na zaidi, wakalea watoto wao hapohapo.

Na maji yakarudi kazini. Mwaka 1987 hospitali ilianza kuzalisha umeme wake kutoka mto Nyangores, ambao hutoka Mau na kuungana na Amala kuwa mto Mara. Maporomoko yaliyokuwa jirani ya hospitali tangu mwanzo sasa yakawasha taa za chumba cha upasuaji. Miaka ya 1980 pia ndipo Tenwek ilipopanua mafunzo ya afya vijijini: kuchimba choo, kulinda chemchemi, kuwapeleka watoto chanjo. Wafundishaji walikuwa wanavijiji wenyewe, waliowajua majirani zao kwa majina.

Ualimu nao umegeuka. Zamani mwalimu alitoka ng'ambo na mwanafunzi alikuwa mwenyeji. Siku hizi madaktari Waafrika, wakiwamo waliotoka nje ya Kenya, huja Bomet kujifunza upasuaji, kisha huenda kuhudumu katika hospitali za kwao.

Wakatoliki, ambao jimbo lao la Kericho liliundwa mwaka 1995, walizindua Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mwaka 2015. Lina nafasi ya watu wapatao 1,500, na lina paa refu la vigae lililoinuka. Ndani, dari imefunikwa kwa mbao nyembamba. Ni jengo linalostahili vilima vyake.

Hata hivyo mjadala mzito zaidi hauko katika majengo, uko katika malezi. Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, makanisa mengi huandaa jando la Kikristo: wavulana hutahiriwa, hukaa faraghani, na hufundishwa na wazee wa kanisa heshima, kazi na Maandiko. Wazee wengine wanaona mafundisho ya asili yamepunguzwa mno. Wachungaji wengine wanaona yamebakizwa mengi mno. Uamuzi wa mtoto aende kwa mwalimu yupi hutolewa na baba na mama, nyumbani, kabla ya Desemba.