Mwadui: Mji Ndani ya Uzio

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Mgodi ukazaa mji: nyumba, hospitali, shule, umeme, maji ya bomba na uwanja wa ndege, vyote ndani ya uzio. Ulinzi wa almasi ukageuka mpaka wa maisha: wa ndani alifungua bomba, mkulima wa nje alisubiri mvua. Hata huyo wa ndani hakuwa mwenyeji. Nyumba ilikwenda na ajira. Williamson alifariki 1958, na umiliki ukagawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya kikoloni. Sisi wa Ushetu, majirani wa dhahabu, tujiulize: mgodi ukifungwa, mji hubaki wa nani?